Maji Niliyokunyima

Kansay, Karatu
Jumamosi, 10 Januari 2026, saa tisa alasiri

Mwanangu Restituta,

Leo nimeamua kukuandikia yote, na nikisema yote namaanisha hata yale ambayo kwa zaidi ya miaka miwili nimekuwa nikiyapita pembeni, kama mtu anayezunguka shamba zima ili asipite kwenye nyumba yenye mbwa. Ukiona naanza kuzungukazunguka, vumilia. Nitafika.

Najua utacheka hilo neno "mwanangu." Nimekuzidi miaka mitano tu, na mwezi huu naingia kidato cha nne na sketi ileile ya mwaka jana iliyoteremshwa pindo. Lakini mimi ni mdogo wake mama yako, na kwetu mdogo wa mama ni mama. Mama yako alipopata kazi ya kufua mashuka kwenye kambi ya wageni kule juu Ngorongoro, akawa anashuka mara moja kwa mwezi, alikukabidhi kwa Bibi mbele ya watu. Kwangu alikukabidhi jikoni, tukiwa wawili. Alisema, "Mama amechoka. Wewe ndiye mama yake wa kila siku." Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nililichukua neno hilo kama nilivyochukua kila kitu wakati ule, kama mtihani, na nilitaka alama zote.

Sasa hivi wewe na mama yako mmekwenda mjini kununua ndoo na kunyoa nywele. Bibi yuko uani anachambua maharage. Ameshachungulia dirishani mara mbili. Mara ya pili ameuliza, "Unaandika Agano la Tatu?" Nimemwambia naandika barua yako. Amesema, "Mtu analala humuhumu ndani, unamwandikia barua." Ni kweli. Lakini tukiongea uso kwa uso mdomo wangu hugeuka mwalimu, nawe huanza kuhesabu mabati ya dari. Kwa hiyo barua hii nitampa mama yako, akupe kesho mkiagana kwenye geti la shule yako ya bweni.

Habari za sindano, saa za kula na kupima vidole sitaziandika. Hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kukuandikia habari za maji.

Nilipoingia kidato cha kwanza, mwalimu wetu wa baiolojia alituambia tugeukiane wawili wawili, kila mmoja amwangalie mwenzake meno. Darasa zima lilicheka, kisha likanyamaza, kwa sababu karibu wote tulikuwa na madoa ya kahawia. Akatueleza kwamba maji ya visima vya huku kwetu yana madini ya floraidi mengi kuliko inavyofaa, na magadi tunayotia kwenye makande yanaongeza. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajengeka ndani ya fizi, meno hutoka na rangi ile. Niliandika kila neno. Mimi nilikuwa nimeshaitwa "meno ya chai" na wasichana wa Dodoma tulipokwenda kwenye michezo, na tangu siku hiyo kwenye picha zote nimefunga mdomo. Nilirudi nyumbani nikakufungua kinywa chako pale jikoni. Ulikuwa na miaka kumi. Meno ya mbele yalishatoka, yana madoa machache tu. Ya pembeni yalikuwa bado yanachomoza. Nikajiambia, haya nitayaokoa.

Sikujua kwamba kwa umri wako rangi ya meno hayo ilikuwa imeshaamuliwa zamani. Hilo nililisoma baadaye. Mwalimu hakukosea, mimi ndiye niliyekimbia na nusu ya somo.

Maji ya tangi la mvua yalipokwisha mwezi wa tisa, yakabaki ya kisima. Nikakuwekea sheria: vikombe viwili kwa siku. Na kiu ikikuzidi, kulikuwa na juisi. Unazikumbuka zile pakiti ndogo zenye mrija? Wageni wanapewa lanchi boksi asubuhi, wanashuka nazo kreta, wanakula kuku na ndizi, juisi wanaziacha. Madereva wanazigawa, na mama yako kila aliposhuka alileta mfuko mzima. Niliona ni akili sana. Juisi haikutoka kwenye kisima chetu, kwa hiyo haina floraidi. Nilikupa tatu kwa siku, baadaye nne, baadaye sikuhesabu.

Ndipo ulipoanza kuomba maji hata ukiwa umetoka kunywa. Ukaanza kukojoa kitandani, wewe uliyeacha tangu hujaanza shule. Kwangu hiyo ilikuwa sababu ya pili ya kukubania maji. Bibi alikasirika. Nakumbuka alikuwa anapepeta mbaazi, na mimi nimesimama mbele yake na daftari.

"Mtoto akiomba maji anapewa maji," alisema. "Hilo hata ng'ombe wanalijua."

"Mama, haya maji yanaharibu meno."

"Nimeyanywa miaka sitini."

"Ndiyo maana meno yako yako hivyo."

"Lakini yapo," akasema, akaendelea kupepeta.

Nilidhani nimeshinda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na daftari. Nilichukua kata ya kuchotea maji nikaificha nyuma ya debe la unga.

Siku moja nilikukuta nyuma ya zizi, umepiga magoti, uso wako uko kwenye beseni la ndama. Uliponisikia uliinuka ukafuta mdomo kwa kiwiko. Ukasema, "Nilikuwa naangalia kama ndama wana maji." Midomo yako ilikuwa imepasuka. Ulimi wako ulikuwa mkavu, ukiongea ulikuwa unabandukabanduka kwenye kaakaa kama plasta. Nikakugombeza kwa ajili ya minyoo. Restituta, nimesoma vitabu vingi vya shule tangu siku ile, na hakuna sentensi ngumu kama hii ninayoiandika sasa: ulikuwa unakufa kwa kiu mbele yangu, mimi nikakugombeza kwa ajili ya minyoo.

Baada ya siku nne ulitapika asubuhi, ukawa unapumua kwa kina kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yako inanuka kama matunda yaliyochacha. Jirani alitupeleka Karatu na gari lake la vitunguu, wewe umelala mapajani mwa Bibi. Hospitali walikuchoma kidole, na mashine haikutoa namba, iliandika neno tu kwamba sukari imepita inapoweza kusoma. Muuguzi akaniuliza mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa na sare ya shule.

"Amekuwa akinywa nini siku hizi?"

"Maji, sista."

"Maji tu?"

"Maji tu. Ya kawaida."

Bibi alinitazama. Akavuta shuka lake begani.

Uongo wangu haukubadilisha matibabu, kipimo hakikuhitaji neno langu. Yule muuguzi alitueleza baadaye kwamba juisi hazikukuletea kisukari. Mwili wako ulikuwa umeacha kutengeneza insulini, na hilo halikusababishwa na mtu yeyote. Lakini alisema pia kwamba mtoto wa hivyo akinywa vitu vitamu badala ya maji, anasukumwa kwenye mteremko. Aliyekusukuma ni mimi. Na mama yako aliposhuka kesho yake, bado na harufu ya sabuni ya kazini, akauliza nani alikuwa anakupa zile juisi zote ambazo pakiti zake zimejaa jalalani, nilifungua mdomo nijibu. Bibi akatangulia.

"Ni mimi," alisema. "Mzee hajui mambo haya."

Mama yako hakuongea naye vizuri mpaka Krismasi. Na wewe ulikua ukisema, kwa utani, bila ubaya, "Bibi alinipa juisi mpaka nikalazwa." Kila uliposema hivyo Bibi alicheka. Mimi nilitoka nje kutafuta kuni. Sasa unajua. Jana nimemwambia mama yako pia. Alisema, "Nilizileta mimi." Halafu akaenda uani kwa Bibi, wakachambua maharage pamoja. Sijui walimaliza vipi, ila leo asubuhi alimpelekea Bibi chai ya kwanza kabla yetu sote.

Ungedhani baada ya hapo nilijifunza kuuliza kabla ya kuhukumu. Nilijifunza kwa mwaka mmoja hivi.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, namba zako za sukari zilianza kupanda. Ulikuwa unachoma sindano mbele yangu, unakula ugali uliopimwa, lakini kila asubuhi namba ni mbaya. Mama yako akanipigia simu: "Huyo anaiba mandazi shuleni. Mwangalie." Nikakuangalia. Nilipekua begi lako, mifuko ya sweta, chini ya godoro. Sikupata hata karatasi ya pipi. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, mkono mmoja mdomoni, kama ulivyokuwa umezoea kusimama miezi ile. Ukasema, "Basi nipekue na mdomoni." Ukaja mpaka dirishani penye mwanga ukafungua kinywa.

Ulitaka kuniaibisha, na uliweza. Fizi zako zilikuwa nyekundu kama nyama mbichi, zimevimba, na kwenye magego ya kulia nilipogusa tu usaha ukatoka. Nilikuuliza tangu lini. Ulisema tangu kabla ya Krismasi. Nilikuuliza kwa nini hukusema. Ulisema, "Nikipiga mswaki damu inatoka, nikaacha upande huo. Si maji ya huku?"

Si maji ya huku. Hiyo niliipanda mimi. Kwetu meno yakiwa na tatizo lolote tunalaumu kisima, na kisima kina makosa yake ya kweli, kwa hiyo hakuna anayetafuta makosa mengine.

Yule tabibu wa meno niliyekupeleka kwake namkumbuka kuliko unavyodhani. Wewe unakumbuka mashine yake na ile harufu ya karafuu. Mimi nakumbuka vile vikombe viwili vidogo vya plastiki. Alikupa kimoja, nami akanipa kimoja, akatuambia tukae kimya dakika tano, tusimeze, kila mate yanapojaa tuteme. Wagonjwa wengine walikuwa wanatutazama. Dakika zilipoisha, changu kilikuwa na mate ya kutosha kulowanisha kitambaa. Chako kilikuwa na povu kidogo tu chini, nyuzinyuzi, kama ute wa yai. Ukakiangalia changu, ukasema, "Mama mdogo umeshinda. Hongera." Yule tabibu alicheka mpaka akavua barakoa.

Halafu akakueleza wewe, sio mimi, na nilimpenda kwa hilo. "Kinywa hakisubiri mswaki," alisema. "Mchana kutwa kinajiosha chenyewe kwa mate. Mate yanaondoa mabaki, yanapoza asidi, yanarudishia jino madini. Sukari ikikaa juu mwilini, unakojoa sana, maji yanaisha, na mate yanakauka. Na hayo machache yanayobaki yana sukari ndani yake."

"Kwa hiyo vijidudu wanakunywa chai," ulisema.

"Chai ya sukari. Na wewe ndiye unayewapikia."

"Bila kulipwa?"

"Wanakulipa kwa usaha," akasema, nawe ukakunja uso.

Kisha akanigeukia, akaniambia kwamba mambo yanakwenda pande zote mbili. Sukari ikipanda fizi zinaugua, na fizi zikiugua mwili unapigana na ule ugonjwa, insulini inashindwa kufanya kazi yake vizuri, sukari inapanda zaidi. "Msimshuku mtoto haraka," alisema. "Kuna siku mwizi anakuwa ndani ya fizi." Akasafisha ugaga uliogandia kwenye meno, akang'oa gego moja lililokuwa halitengenezeki, akatoa dawa. Wiki tatu baadaye namba zako zikaanza kushuka, nawe ulikuwa unakula ugali uleule.

Sikukuomba radhi. Nilikununulia mswaki wenye nywele laini nikadhani mswaki ni radhi. Nakuomba radhi leo. Hukuiba kitu. Ulikuwa na maumivu upande wa kulia, na mimi nilikuwa napekua godoro.

Mwanangu, sijui kama unaona ninakokwenda. Mara zote mbili nilikuwa na elimu fulani mkononi, na mara zote mbili wewe ulikuwa na jibu kinywani, kihalisi kabisa, na sikuangalia. Nilichojifunza si kikubwa. Mtu akisema ana kiu, mwamini kwanza, utafute sababu akiwa anakunywa. Na ukiwa wewe ndiye mwenye kiu, sema.

Hapo ndipo penye shida yetu.

Juzi, tulipokuwa tunapanga tranka, niliweka juu kabisa ya nguo bahasha ya daktari, ile ya kumpa matroni. Jana asubuhi haikuwepo. Sikupekua, nakuapia. Niliikuta kwenye gazeti ambalo Bibi aliniambia niwashie moto, imekunjwa mara nne. Na nilipokuja kuchukua chupa ya chai ya safari niijaze, niliona uzito wake si wa chai. Ulikuwa umeweka chupa zako za insulini ndani, umezungushia kitambaa chenye maji baridi. Mpango mzuri. Mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha kwamba dawa inataka ubaridi.

Ulikuja ukanikuta nimeshika vyote viwili.

"Kule hakuna anayenijua," ulisema.

"Ndiyo maana wajulishwe."

"Ndiyo maana wasijulishwe. Mama mdogo, nataka kufika nikiwa mtu tu. Niwe mweusi, mfupi, mtu wa Karatu, basi. Wapate vitu vingine vya kunicheka."

Nilitaka kujibu kama mwalimu, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa najua unachosema. Nilikuwepo mwaka wako wote wa darasa la saba. Najua kuhusu yule msichana aliyekataa kunywa kwenye kikombe ulichonywea, akasema una mdomo wa pombe. Najua kwamba ulianza kuongea na kiganja mbele ya midomo, na kwamba hata sasa, fizi zikiwa zimepona na pumzi yako ikiwa haina neno, kiganja bado kinapanda. Mimi ninayefunga mdomo kwenye picha nitakucheka vipi?

Kwa hiyo nilinyamaza, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali. Leo alfajiri nilimpa mama yako ile bahasha, nikamwonyesha na chupa ya chai. Unaposoma hapa matroni ameshaipokea mkononi mwa mama yako, na insulini yako iko kwenye friji yao, sio kwenye chupa ya chai. Kasirika. Una haki ya kukasirika na mimi mpaka likizo ya kwanza. Lakini sitakuficha kwamba nilifanya, na sitajifanya nilisitasita sana. Zamani nilikunyima maji kwa sheria zangu, na kata nikaificha. Hii nakuambia mwenyewe, hata kama unaijua kwa kuchelewa.

Nitakuambia ninachoogopa. Siogopi namba za juu, hizo zinakuja polepole na mdomo wako utakupa taarifa: ukiamka ulimi umegandia juu, ujue. Ninaogopa zile za chini. Unakumbuka siku ya kuvuna mbaazi, ulipokaa katikati ya mstari ukaanza kucheka peke yako? Wale vibarua wa Singida walicheka nawe. Walidhani una vituko. Mimi nilikimbia na glukosi kwa sababu nilijua hicho si kicheko chako, chako kinaanzia puani. Ukalamba, ukatulia, ukarudi kuwa wewe, na kitu cha kwanza ulichofanya ni kuomba dumu la maji usukutue, kwa sababu tabibu alisema sukari inayokuokoa isiachwe kulala kwenye meno. Nilitaka kulia pale shambani. Mtu aliyekaribia kuzimia anakumbuka meno yake. Nilijivunia wewe kuliko nilivyowahi kujivunia cheti chochote.

Kule kicheko chako hakuna atakayekijua. Matroni ana wasichana wengi, na usiku amelala nyumba nyingine. Barua ya daktari inaweza kumwambia matroni una ugonjwa gani. Haiwezi kumfundisha mtu kicheko chako kinaanzia wapi. Hilo ni lako kusema, na mtu wa kuambiwa ni yule atakayelala karibu nawe kiasi cha kusikia ukigeuka. Si lazima bweni zima. Mmoja. Sikuambii utamwambia lini. Mimi nilichukua miaka miwili na miezi kusema neno "juisi," sina haki ya kukupangia siku. Ila nimekaa na neno hilo mdomoni muda wote huo, na naweza kukushuhudia kwamba halikuyeyuka.

Bibi amepita tena. Ameuliza kama kuna nafasi ya salamu zake. Nimemwambia ipo. Amefikiri sana, mkono kwenye fremu ya dirisha, kisha amesema, "Mwambie ng'ombe mwekundu atazaa kabla hajarudi, na jina la ndama tutamwachia yeye." Nikamuuliza kama kuna lingine. Amesema, "Yale ya juisi umeandika?" Nimesema nimeandika. Amesema, "Haya," akaondoka. Nimemwona kwa mgongo anapanguza macho na ncha ya shuka, au ni vumbi la maharage. Sikumuuliza.

Nyumba imeanza kukukosa kabla hujaondoka. Asubuhi hii nilikusikiliza ukipiga mswaki kwenye lile jiwe bapa karibu na zizi. Unaimba wimbo wa kwaya huku povu limejaa mdomoni, maneno hayatoki, inatoka sauti ya pili tu. Nimekuwa nikikwambia kila siku usiimbe ukipiga mswaki. Leo nilisimama nyuma ya mlango nisikusumbue, nikasikiliza mpaka mwisho. Kesho kutwa asubuhi jiwe litakuwepo, ndama watakuwepo, ukungu utakuwa umeshuka kutoka mlima Oldeani kama kawaida, na hakutakuwa na sauti ya pili. Nitaweka vikombe viwili mezani kwa mazoea, najijua. Nitakirudisha kimoja kabatini kabla Bibi hajaona.

Mwaka huu nina mtihani. Nikifaulu vizuri nataka kuomba chuo cha tabibu wa meno. Sijamwambia mtu, hata mama yako. Ninajiona nimekaa na mtoto kutoka Kansay au Engaresero ambaye mama yake ameniambia, "Ni maji ya huku tu," nami simkatalii yule mama. Nampa mtoto kikombe kidogo cha plastiki, nakaa kimya dakika tano, naangalia. Labda nitapata watano kwa mwaka ambao si maji. Labda mmoja. Usiniambie ni ndoto kubwa kwa mtu mwenye sketi iliyoteremshwa pindo.

Nasikia pikipiki kwenye kona, huenda ni nyinyi. Utaingia umenyolewa, kichwa kidogo kama yai la kanga, na Bibi atakucheka, nawe utaweka kiganja mdomoni ucheke nyuma yake. Nitaikunja barua hii na kujifanya nilikuwa nafanya hesabu.

Matroni ameniahidi kwa simu kwamba Jumapili mnaruhusiwa kuandika nyumbani. Sihitaji ukurasa mzima. Ukiwa bado umenikasirikia, usiandike hata salamu, andika jibu la swali hili tu, nami nitaelewa na kushukuru.

Anayelala kitanda kinachofuata chako anaitwa nani, na alisema nini ulipomwambia?

Mama yako mdogo,
Martina